Jumla ya Muzee Anselme

Mama Vero mwenyewe ndiye aliyenipigia simu kunijulisha kwamba bwana yake, Muzee Anselme, amefariki, na jambo la pili aliloniambia, kabla sijapata hata neno la kumpa pole, ni kwamba mimi ndiye nitakayesoma maneno ya watoto siku ya mazishi. "Weye njo mutoto wetu mukubwa hapa Bunia," alisema. "Bale tulizaa iko mbali, batafika bamechoka. Utasoma weye, Georgine." Nilikubali. Nilikuwa ofisini, na mbele yangu walikaa makatibu wawili wapya niliokuwa nikiwafundisha namna ya kupokea zabuni. Nilikuwa nimetoka kuwaeleza, kwa sauti yangu ya kazi, kwamba bei ya kila mshindani ni siri mpaka bahasha ifunguliwe mbele ya wote. Niliwaambia tutaendelea siku nyingine. Walipotoka niliufunga mlango, nikakaa. Ni zaidi ya miaka ishirini sasa nawaambia watu sentensi ile, na kila ninapoisema nakumbuka chumba kimoja cha mtaa wa Ngezi na sauti ya mwanaume anayesoma hesabu zake polepole upande wa pili wa ukuta.

Sitaeleza nilikotoka wala niliowapoteza njiani. Mwaka ule kila mtu Bunia alikuwa na habari ya namna hiyo, na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, diploma ya serikali, na vidole vinavyojua mashine ya kuandikia. Vita vilikuwa vimetulia kidogo, na mjini palifunguliwa ofisi ya mradi wa kujenga upya mashule na vituo vya afya vilivyobomolewa. Kila jengo lilitolewa kwa mashindano, kwa kile tulichokiita apeli dofre: tangazo linabandikwa ukutani, wajenzi wanaleta bahasha zilizofungwa, zinawekwa katika sanduku la chuma, na siku ya siku zinafunguliwa hadharani, wa bei nafuu mwenye hati kamili anapewa kazi. Mimi nilikuwa sekretere. Nilikuwa na mkataba wa miezi mitatu mitatu, na kila ulipokaribia kwisha nilikuwa nahesabu siku zilizobaki. Mkubwa wetu alikuwa shefu Crispin, mtu mpole, mwenye mashati yaliyopigwa pasi vizuri, ambaye hakuwahi kunipandishia sauti hata siku moja. Nalisema hili kwa sababu watu wakisikia habari za namna hii hutaka shefu awe mtu wa kutisha. Angekuwa wa kutisha, labda ningejilinda.

Muzee Anselme na Mama Vero walinipa chumba ndani ya nyumba yao Ngezi, na tangu wiki ya kwanza walinikataza kujipikia. Muzee alikuwa mjenzi, na kampuni yake ilikuwa yeye, mafundi watano, na gari bovu la kubebea mchanga. Mama Vero alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Chumba changu kilikuwa zamani sehemu ya sebule yao. Walikikata kwa ukuta wa matofali uliosimama kimo cha mtu na nusu, ukaacha nafasi chini ya bati, na kupitia pale juu ziliingia harufu ya vitunguu vinavyokaangwa, mwanga wa taa yao, na sauti ya redio. Jioni tulikula pamoja, bugali na sombe ya majani ya muhogo, mara nyingine samaki ya kukaushwa kutoka Tchomia, kule ziwani, ambayo Mama Vero aliipika na karanga za kutwanga. Muzee alisali sala ndefu, chakula kikipoa, kisha akachukua kipande cha samaki kilicho karibu na kichwa, kile anachokipenda yeye, akakiweka kwenye sahani yangu bila kusema kitu. Alikuwa na mikono mikubwa, na kucha zenye weupe wa simenti ambao hakuna sabuni iliyouondoa.

Mwaka ule likatoka tangazo la kujenga maternite ndogo, nyumba ya kuzalia, katika kijiji kimoja kando ya ziwa. Jioni ya siku ile, kabla hatujanawa mikono, Muzee aliniita.

"Georgine, iko kitu nataka tupatane. Nitaweka dosie ya bei kwa ile maternite. Na weye uko unatumika mu biro ile. Basi hapa kwa meza hatutazungumuza ile kazi mupaka iishe. Usiniambie kitu, na miye sitakuuliza kitu."

"Ndiyo, papa."

"Na dosie yangu haitapita kwa mashini yako. Hata ukurasa moja. Faustin ataipeleka kwa bale wanaandika mu mji, tutalipa sawa batu bote."

Faustin alikuwa fundi wake wa kwanza, kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye mke na watoto wadogo, mtu ambaye Muzee alimwachia funguo za stoo. Nilimwona Muzee akimtazama mke wake baada ya kusema maneno yale, naye Mama Vero akanipakulia sombe, na mambo yakaishia hapo. Muzee alitimiza neno lake. Wiki tatu zilizofuata alikwenda kule ziwani mara mbili, akarudi na matope mpaka magotini, na mezani alituhadithia tu habari za barabara na za mwanamke aliyempa chai. Baadaye ndipo nilipojua alikwenda kupima mahali maji yalipofika msimu wa mvua uliopita, na kuwauliza wazee wa kike wa pale yalifika wapi miaka ya nyuma, ili ajue msingi uinuliwe kiasi gani.

Jumapili moja nilikwenda kuimba kwaya, lakini homa ilinishika kanisani, nikarudi kabla ya misa kwisha. Nilipita mlango wa nyuma, nikajilaza na kitambaa changu cha kichwa, wala sikumjulisha mtu. Muda si mrefu nikawasikia wakiingia, wakavuta viti, na Muzee akasema, "Georgine iko kwa kwaya, tumalize sasa." Akaanza kumsomea mke wake dosie nzima, kitu kwa kitu, msingi, nondo, matofali, bati, milango, na Mama Vero akawa anajumlisha kwenye daftari la shule. Ningeweza kukohoa. Mara ya kwanza sikukohoa kwa sababu ya homa. Ya pili kwa sababu ya aibu, kwamba sasa nimeshasikia mengi na wataona nilikuwa nasikiliza. Walifika mwisho. Muzee alitaja jumla. Mama Vero akasema, "Rudilia, sikuandika muzuri," naye akairudia, polepole, tarakimu baada ya tarakimu, kama mtu anayemwandikisha mtoto imla. Kisha akasema, "Kama tunashusha bei, tutashusha musingi tu. Na miye sitashusha musingi." Nilifumba macho mpaka wakatoka nje. Jioni nilisema nimerudi baada ya wao kutoka, na Mama Vero akanichemshia chai ya majani ya limau.

Jumatano shefu Crispin alinialika chakula cha mchana. Ilikuwa mara ya kwanza. Tulikwenda kwenye mgahawa wenye vitambaa vya plastiki vyenye maua, wakatuletea samaki wa ziwani asiyekaushwa, amepikwa mzima, amejaa sahani, na mimi nilikuwa sijala samaki wa namna hiyo tangu nifike mjini. Aliniuliza homa imekwendaje. Aliniambia kazi yangu ni safi na kwamba mwisho wa mwezi mikataba inaangaliwa upya, na wakubwa wa Kinshasa wanataka kupunguza watu, lakini yeye ataona atakavyofanya. Kisha, huku akimchambua samaki wake vizuri, akasema, "Weye unakaa kwa muzee Anselme, si vile? Masikini, nasikia ataomba bei kubwa sana. Batu banasema anataka kutajirika juu ya bamama wa kuzaa." Akataja kiasi. Kilikuwa mbali sana juu ya kile nilichokisikia.

"Hapana, shefu," nilisema. "Haifike pale."

"Kweli? Batu banasema uongo basi. Itakuwa sawa hivi?" Akataja kingine.

"Hata ile haifike."

Kwa miaka mingi nilijisimulia kwamba nilikuwa nikimtetea Muzee, kwamba nilikasirika kusikia mtu mwema akiitwa mlafi, na kwamba maneno yalinitoka kwa upendo. Kuna ukweli kidogo ndani yake, na huo ukweli kidogo ndio ulionisaidia kulala. Lakini shefu alipotaja kiasi cha tatu, nilikuwa nimeshaelewa. Naikumbuka vizuri ile nafasi kati ya swali lake na jibu langu: kulikuwa na mwanamke akifagia nje, na mimi nilimsikiliza anavyofagia. Nikafikiria mwisho wa mwezi. Kisha nikasema jumla ya Muzee Anselme yote, jinsi alivyoirudia kwa mke wake. Shefu hakuandika. Alinisogezea bakuli la pilipili, akasema, "Kula, itapoa."

Siku ya kufungua bahasha, chumba cha mikutano kilijaa. Sanduku lilikuwa juu ya meza, kufuli mbili, funguo kwa watu wawili tofauti, kila kitu kama sheria inavyotaka. Muzee alivaa koti lake la harusi. Mimi niliandika ripoti. Bahasha ya kwanza ilikuwa ya kampuni kutoka mbali, bei yake ikawachekesha watu kwa ukubwa. Ya pili ilikuwa ya Muzee. Jumla ikasomwa, nami nikaiandika kama kitu ninachokisikia kwa mara ya kwanza. Ya tatu ilikuwa ya tajiri mmoja wa mjini. Ilikuwa chini ya ile ya Muzee kwa kiasi cha milango miwili ya mbao. Muzee hakumwangalia shefu wala tajiri. Aliangalia karatasi yake, akaikunja mara mbili, na alipopita karibu na meza yangu kwenda kusaini akaniuliza kwa sauti ya chini kama homa haijarudi, maana naonekana vibaya.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa uani nachambua maharagi na Mama Vero. Faustin aliitwa. Muzee alikuwa amekaa kwenye kiti, mikono juu ya magoti.

"Faustin, ile dosie ulipeleka kwa mashini, uliipitisha wapi?"

"Sikupitisha fasi yoyote, muzee. Nilikaa pale mupaka dada akamaliza kuandika, nikarudisha kwako."

"Haukuonyesha mutu?"

"Hapana."

"Batu bale walijua jumla yangu. Iliandikwa na miye, ikasikiwa na bibi yangu, ikabebwa na weye. Basi ni nani?"

Faustin aliangalia ule uwanja, jiko, kamba ya nguo, mlango wangu. Macho yake yalinifikia, yakakaa hapo kidogo, yakaondoka. "Sijue, muzee," alisema.

"Kesho ukuye kuchukua vyombo vyako."

Mikono yangu iliendelea kuchambua. Nakumbuka nilitoa jiwe dogo jeusi na kulitupa, kisha maharagi mazuri mawili nikayatupa nayo. Nilijiambia nitasema usiku, Faustin akiisha kuondoka, ili nisimwaibishe Muzee mbele ya fundi wake. Baadaye nikajiambia nitasema Jumapili. Mwisho wa mwezi mkataba wangu ukaongezwa, na si miezi mitatu, mwaka mzima. Mama Vero alichinja kuku kunipongeza. Muzee alisali sala yake ndefu, akamshukuru Mungu kwa mtoto huyu aliyemletea nyumbani, na kipande kizuri kikawekwa kwenye sahani yangu kama kawaida.

Habari ya Faustin ilizunguka kwa wajenzi wote wa mjini, na hakuna aliyetaka kumchukua. Alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu, upande wa Mongbwalu, na huko jiwe lilimvunja mkono wa kuume; tangu siku hiyo hakushika tena mwiko. Maternite ilijengwa kwa msingi wa chini, kwa sababu bei ya tajiri haikutosha kwa zaidi, na msimu wa pili wa mvua maji ya ziwa yaliingia chumba cha kuzalia. Wauguzi walipandisha vitanda juu ya matofali. Nilikwenda kule kwa kazi, nikaiona alama ya maji ukutani, nikaandika katika ripoti kwamba jengo lina unyevu. Mwaka ule ulipokwisha nilihama Ngezi. Nilisema nataka kukaa karibu na ofisi. Mama Vero alilia mlangoni, na mimi nikafurahi kuondoka, kwa sababu nilikuwa siwezi tena kula chakula chao.

Siku ya mazishi nilisoma maneno ya watoto. Yalikuwa yameandikwa na mtoto wao wa pili, na katikati yalisema kwamba papa alitufundisha kutosema uongo hata pale ukweli unapotugharimu. Niliyasoma bila sauti kutetemeka, na watu walinisifu. Baadaye, tukiwa tumekaa chini ya hema, Mama Vero aliniinamia. "Unaona Faustin, kule nyuma? Alikuya kumutembelea papa mu ugonjwa. Papa akamwambia, Faustin, ile kitu ya zamani nimekusamehe. Naye akamujibu aksanti. Papa alilala muzuri ile siku."

Nilichukua sahani ya chakula, nikampelekea Faustin. Alikuwa amezeeka kuliko miaka yake inavyodai. Alipokea kwa mkono wa kushoto.

"Kaka Faustin, juu ya nini ulisema aksanti?"

Alitafuna kwanza. "Alikuwa anakufa. Alitaka kunipatia kitu. Ningemukatalia?"

"Lakini haikukuwa weye."

"Najua haikukuwa miye," alisema. "Na weye unajua."

Nilimuuliza alijua tangu lini. Akasema tangu siku ileile uani, kwa sababu ukuta wa chumba changu ni yeye aliyeujenga. Matofali yalipungua, Muzee akamwambia waishie pale, na yeye alijua kwamba ndani ya kile chumba unasikia hata kijiko kinapogusa kikombe. Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Nani angenisikia? Weye ulikuwa mutoto wa nyumba. Miye mufundi." Aliweka sahani chini. "Kiisha nikajiambia, atasema mwenyewe. Nikangojea. Wiki moja, wiki mbili. Watoto walikuwa na njaa. Njo nikaenda."

Wiki ile haikuisha kabla sijakwenda kwa Mama Vero. Nilimkuta jikoni, peke yake, na sikukaa. Nilisema yote: kwaya, homa, samaki, shefu, swali la tatu. Alisikiliza akiwa ameshika kifuniko cha sufuria. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja tu.

"Ulisikia jumla mara ya kwanza, ao nilipomuomba arudilie?"

"Zote mbili, mama. Ya pili njo nilishika."

Aliweka kifuniko. Nikaona kwamba na yeye nimemwachia kitu cha kubeba, maana ni yeye aliyemwomba arudie.

"Papa angekusamehe leoleo," alisema mwishoni. "Unamujua. Miye haiko papa. Usiniombe bado." Kisha akasema, "Faustin iko na batoto bane. Balikomaa wakiitwa batoto ya mwizi. Na miye nilisaidia kubaita vile. Uende kwao, usiende kwa Faustin peke yake, uende kwa batoto."

Nilikwenda Jumamosi. Watatu walikuwepo, na baba yao, tukakaa kwenye sebule ndogo yenye picha za ubatizo. Nilieleza tena, na nilipoeleza mara hii sikutaja homa. Wawili wadogo waliangalia chini. Mkubwa wa wale watatu, Riziki, ambaye siku hizi ni muuguzi, alinisikiliza bila kupepesa macho.

"Ule mwaka," alisema, "kiisha baba kwenda mu machimbo, mama alikuya Ngezi kuomba Mama Vero amupe kazi ya kufua nguo. Miye alinibeba mukongoni. Wakamwambia arudi kwake. Ulikuwa pale?"

Nilikuwa nimesahau kabisa. Alipolitaja nikamwona tena yule mwanamke mlangoni, mtoto mgongoni, saa za mchana.

"Nilikuwa pale."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakula."

Alitikisa kichwa kidogo. Alimgeukia baba yake, akamuuliza kama ameshakunywa dawa zake, naye akasema bado, na mdogo wao akainuka kuleta maji. Hakuna aliyenifukuza. Walimzunguka wakimkunjulia vidole vya ule mkono uliovunjika, kimoja kimoja, kama watu wanaofanya hivyo kila siku, na mimi nilikaa kwenye kiti changu mpaka nikaelewa kwamba ni juu yangu kusimama.